Kwa nini nyimbo za mapenzi za zamani hazichoshi? Jibu kwa binti wa Igoma

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Igoma hapa Mwanza. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa injini za boti pale Mwaloni Kirumba. Kila Jumapili alikuwa anafungua kaseti zake za zilipendwa tangu asubuhi hadi jioni, na sisi watoto tulikuwa tunamwomba azime. Sasa ni mwaka wa tatu tangu atutoke. Nikiwa kwenye daladala nikazisikia nyimbo zile, hasa za mapenzi, machozi yananitoka, na nyingi zilipigwa hata sijazaliwa. Wenzangu wanasema nimezeeka mapema. Naomba kujua, kwa nini nyimbo hizi hazichoshi? Ni bora kweli kuliko za sasa au ni mazoea tu? Na je, ni vibaya nikiomba moja ipigwe kwenye harusi yangu Desemba? Kamati wanasema itapoza ukumbi.

Jibu: Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa mzee. Mafundi wa injini wa Mwaloni huwa nawatambua kwa sauti kabla sijawaona: injini inanguruma juu ya kigogo, pembeni redio inajitahidi kuishinda. Inawezekana kabisa nimewahi kupita nikamsikia baba yako akiitikia.

Nianze na lile la harusi kwa kuwa lina tarehe. Omba ipigwe. Huko mbele nitakuambia ipigwe wakati gani na uchague vipi, maana zipo nyimbo tamu sana ambazo hazifai kabisa kupigwa mbele ya bibi harusi. Na kamati yako ina hoja kuhusu ukumbi kupoa, ila hoja hiyo ina dawa, na dawa yenyewe imo ndani ya nyimbo hizohizo.

Nimefundisha muziki kwa zaidi ya miaka 30. Kabla ya hapo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, nilipiga gitaa la rithimu kwenye bendi ndogo hapahapa Mwanza. Nitakujibu kama mwalimu, na mahali pengine atasema mpiga gitaa.

Kwanza machozi yako. Hujazeeka mapema. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Marekani, Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell na mwenzake Justin Zupnick, walichapisha utafiti wa jambo hili hasa. Waliwapigia vijana wa chuo vipande vya nyimbo zilizoongoza chati za kwao tangu 1955 hadi 2009, wakawauliza ni zipi wanazitambua, zipi wanazipenda, zipi zinawarudishia kumbukumbu. Kwamba vijana wale wangeshikamana na nyimbo za ujana wao, hilo lilitegemewa. Ni jambo linalojulikana kwamba yale tunayoyapitia kati ya utoto wa mwisho na miaka ya ishirini na kitu hukaa kichwani kuliko ya umri mwingine wowote. Kilichoshangaza ni kwamba kumbukumbu na mapenzi yao yalipanda tena, kama kilima kingine kwenye mchoro, kwenye nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wazazi wa vijana hao walipokuwa vijana wenyewe. Nyuma yake kikaonekana kilima kingine tena, cha miaka ya 1960.

Sababu haihitaji maabara. Wimbo uliomshika mtu akiwa na miaka 20 ndio anaoufungua sebuleni akiwa na miaka 40, na mtoto anacheza miguuni pake. Wewe unasema ulikuwa unamwomba azime. Haidhuru. Sikio la mtoto haliombi ridhaa, linapokea kila kitu: wimbo, harufu ya petroli kwenye shati la baba, mlio wa sufuria jikoni, na ile hali ya Jumapili ambayo hakuna anayekwenda popote. Vyote vimefungwa fundo moja. Ukiwa kwenye daladala unavutwa uzi mmoja tu, fundo zima linakuja.

Na fundo hilo lina nguvu ajabu. Mama yangu mzazi, miaka yake ya mwisho pale Kitangiri, alifika mahali akawa haniiti tena kwa jina langu. Alikuwa ananiita kwa jina la mjomba, siku nyingine haniiti kabisa. Lakini nikiweka wimbo wa ujana wake, alikuwa anaupokea katikati ya ubeti na kuumaliza, maneno yote mahali pake, na kwenye kiitikio ananionyesha kwa kidole kwamba zamu yangu imefika. Wanaouguza wazee waliopoteza kumbukumbu wanalijua hili. Nyimbo huwa miongoni mwa vitu vya mwisho kuondoka.

Lakini hapo nimeeleza machozi tu. Wimbo mbovu nao unaweza kumkumbusha mtu baba yake. Wewe umeuliza kwa nini hazichoshi, na hapo lazima tuangalie namna zilivyotengenezwa.

Bendi nyingi unazozisikia kwenye kaseti za mzee hazikuwa za watu binafsi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadili majina pamoja na chama, ikaitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, mpaka leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, umoja wa vijana wa chama ulikuwa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi, shirika la bima nalo halikubaki nyuma. Maana yake mpiga tarumbeta alikuwa mwajiriwa. Magitaa na spika ni mali ya taasisi, mwisho wa mwezi kuna mshahara, na asubuhi ya siku ya kazi watu wanakutana kufanya mazoezi. Watu kumi na kitu, siku baada ya siku, wanapika wimbo mmoja. Leo nikimweleza hivyo kijana anayerekodi peke yake usiku kwa pesa ya kudunduliza, huwa anakaa kimya kidogo kabla ya kujibu, na ninamwelewa.

Halafu wimbo haukwenda kurekodiwa kwanza. Ulianzia ukumbini. Mtunzi anauleta, bendi inaupiga Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, wiki kwa wiki, huku wanaocheza wakiuhukumu kwa miguu yao. Ubeti unaowakimbiza watu mezani unakatwa. Pale wanapopiga mayowe panarefushwa. Nimeshuhudia wimbo ukiingia na beti tano na kubaki na tatu, na kila mmoja bendini anajua ni wachezaji waliozikata zile mbili. Ulipofika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wote waliingia chumba kimoja wakapiga wimbo mzima kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho. Anayekosea amewakosesha wote, mnarudia. Ndiyo maana ukisikiliza vizuri utasikia watu wanasikilizana. Mwimbaji anavuta pumzi na gitaa linamsubiri.

Usukumani jambo hili lina mizizi ya zamani kuliko bendi. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma wa Kisukuma, wamekuwa wakishindana tangu enzi za mababu, na mpaka leo ukienda kwenye sherehe za ngoma za Bulabo pale Bujora, Kisesa, utaona mshindi anaamuliwa na umati unaohamia upande wake. Dar es Salaam hali ilikuwa hiyohiyo kati ya Msondo na Sikinde, yaani Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978. Ukitoa wimbo wa kuomba msamaha kwa mpenzi, upande wa pili nao unatafuta wa kuuzidi. Msikilizaji ndiye aliyefaidi.

Sasa fikiria wimbo huo unatoka studio na kwenda wapi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na mpaka miaka ya 1990 redio ilikuwa moja, ya taifa. Wimbo mpya ukipigwa, uliupata Mwanza saa ileile alioupata mtu wa Lindi. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya kumalizia kipindi cha jioni. Watu walinunua kadi za salamu, wakaandika majina ya ndugu na wachumba, wakazituma kwa posta na kusubiri wiki kadhaa wasikie majina yao yakitajwa kisha wimbo waliouomba. Binti yangu, hebu pima uzito wa wimbo ambao mtu ameusubiri wiki tatu akiwa na mchumba wake Geita! Hata ukiwa wa kawaida, ukifika unakuta mlango umeshafunguliwa.

Sisi watu wa ziwani tulikuwa na bahati ya ziada. Mawimbi ya redio ya masafa ya kati huenda mbali zaidi usiku, kwa kuwa tabaka la juu la anga huyarudisha chini. Giza likiingia Mwanza, ukizungusha kitufe taratibu unapata Kenya, unapata Uganda, unapata sauti za Burundi na za Kongo zikipanda na kushuka kama zinaelea juu ya maji. Ndiyo maana wazee wa huku wana masikio mapana: rumba ya Kongo bila kujua Kilingala, benga bila kujua Kijaluo, na zile bendi za Wanyika. Hao walianza na vijana wa Tanga, waliopitia Arusha kisha wakahamia Kenya na kutamba kama Simba Wanyika, na nyimbo zao zikaturudia kutoka ng'ambo. Na msimu wa kuuza pamba ukifika, bendi kubwa zenyewe zilikuja na treni, maana wanajua wakulima wana pesa mfukoni. Sauti uliyoizoea redioni inasimama mbele yako, mtu mwembamba amevaa suti, anatokwa jasho.

Tuje kwenye maneno, kwa sababu hapa ndipo ninapoamini siri kubwa imelala.

Wimbo wa mapenzi wa siku hizo mara chache ulisema tu kwamba nakupenda. Ulisema nakupenda lakini kuna kitu, na kile kitu kilitajwa: mahari, safari, wazazi wamekataa, barua haijajibiwa, walimwengu wametia fitina. Chukua Malaika, wimbo ambao Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Miriam Makeba akaufikisha kila pembe ya dunia. Aliyeutunga hasa ni nani, ubishi wake haujaisha hadi leo. Kiini chake ni kijana anayependa, anataka kuoa, na hana mali. Basi. Miaka zaidi ya 60 imepita, na nenda kesho stendi ya Nyegezi uwaulize vijana kumi kwa nini hawajaoa, utausikia wimbo huo bila gitaa.

Kizuizi kikitajwa, msikilizaji anapata mahali pa kukaa. Hana haja ya kuwa yeye ndiye aliyeimbiwa. Mke wa mvuvi wa dagaa kule visiwani anahesabu mwezi. Mumewe huwa majini siku za giza, taa zikielea kama mji mwingine, na anarudi mbalamwezi inapokolea kwa kuwa dagaa hawavuliki vizuri kwenye mwanga wa mwezi. Mwanamke huyo akisikia mtu anaimba juu ya mpenzi aliye mbali, hakuna anayehitaji kumfafanulia. Mtunzi alikuwa Dar es Salaam, labda hajawahi kuliona ziwa, na bado ameacha kiti kitupu ndani ya wimbo ambacho mwanamke wa Ukerewe anakikalia.

Angalia pia namna wanaume walivyoimba. Wanaomba. Wanashitaki kwa mashemeji, wanauliza kosa langu nini, wanakiri kwamba usiku hauendi. Mwanamume mzima, mbele ya ukumbi uliojaa, anasema nimeumia. Nje ya ukumbi baba wa kizazi kile hawakusema hivyo. Baba yako, nikikisia kwa baba zetu wote wa kazi za mikono, huenda hakuwahi kumwambia mama yako kwa maneno yake mwenyewe yale aliyokuwa anamwambia kila Jumapili kwa kaseti. Mwulize mama. Nina hakika alikuwa anajua ni wimbo gani wake.

Na mwili ulitajwa kwa staha. Mashairi yalisomwa na kupitishwa kabla ya kurekodiwa, kwa hiyo matusi yasingepita. Lakini fumbo ni la zamani kuliko wakaguzi. Linatoka kwenye taarabu na mashairi ya pwani, tangu enzi za Siti binti Saad, aliyevuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Mpenzi akiitwa tabibu, au ua, au bandari, wewe unayesikiliza unamalizia mwenyewe. Mtoto anasikia bandari na mtu mzima anasikia anachokijua. Wimbo mmoja, nyumba moja, na hakuna anayelazimika kutoka sebuleni.

Kiti hicho kitupu kipo hata kwenye upigaji, na hapa niruhusu mpiga gitaa aseme. Kulikuwa na gitaa la solo, mara nyingi la pili yake, rithimu, besi, tumba, ngoma, tarumbeta na saksafoni, ile tuliyoiita mdomo wa bata. Ukiwapa wote ruhusa ya kusema kwa pamoja unapata soko. Kiongozi wetu wa bendi alinifundisha jambo moja kwa miezi mingi hadi nikachoka: rithimu isimfuate mwimbaji. Akiimba, wewe rudi nyuma. Akinyamaza, jaza kidogo tu, kisha toka. Solo nalo haliingii kuonyesha ufundi wakati mtu anaeleza shida yake. Linasubiri mwisho wa mstari na kumjibu, kama jirani anayeitikia "enhe" unapomsimulia msiba.

Halafu wimbo unageuka. Sehemu ya kwanza ni ya taratibu, maneno yote yanasemwa humo. Kisha besi inabadilika, tumba zinaamka, solo linaanza kuzungusha kipande kifupi na kukirudia, waimbaji wanaitikiana mstari mmojammoja. Sisi tuliita chemko, wengi wanaita sebene. Mpango huu ulitujia na santuri za Kuba zilizoingia Afrika kuanzia miaka ya 1930, Wakongo wakaukuza, na sisi tukaupa Kiswahili. Ninauona kuwa ndiyo hekima kubwa ya muziki ule: unaeleza maumivu yako dakika nne nzima bila haraka, na baada ya kueleza, unacheza. Wimbo hauruhusu uishie kwenye kilio. Ndiyo maana unaweza kuurudia. Wimbo wa huzuni tupu, mara ya tano umeshakuelemea.

Sasa, je, ni bora kuliko za sasa? Hapa sitakudanganya ili nikufurahishe. Nina masanduku mawili ya kaseti nyumbani. Nikiyapitia, nyimbo mbovu zimo nyingi: zilizotungwa haraka ili bendi isionekane kimya, zilizonakili za Wakongo noti kwa noti, na zile zinazomlaumu mwanamke kwa kila kitu, kwamba ana tamaa, kwamba amemponza mwenzake. Zile za lawama sizipendi na sizifundishi. Hizo zote huzisikii kwenye daladala kwa sababu muda umezichuja. Unalinganisha nyimbo bora za miaka 30 na kila kitu kilichotoka mwezi huu, na huo si mzani wa haki. Baada ya miaka 25 binti yako atalia kwenye gari kwa wimbo ambao leo wewe unaona ni kelele.

Ninachokidai ni kidogo, na ninakidai kwa moyo wote. Mazingira yale yalizalisha nyimbo zenye nafasi ndani yake, na ya sasa yanafanya jambo hilo kuwa gumu. Wimbo wa dakika tatu unaosikilizwa kwenye simu lazima ukushike sekunde za mwanzo, kwa hiyo unaanza na kiitikio, unakijaza, unakirudia. Hakuna ukumbi uliousahihisha kabla ya kutoka. Kipaji kipo, tena kingi. Wapo vijana wa hapahapa Mwanza ambao sauti zao ningezitamani bendini kwetu. Wanachokosa ni mshahara, watu kumi wa kufanya nao mazoezi, na wiki nane za kukosea mbele ya watu wanaocheza.

Marijani Rajabu alifariki mwaka 1995, kabla hujazaliwa. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, na huenda baba yako alikuwa bado kijana mdogo. Wote wawili wanaimba leo kwenye gari la Igoma. Machozi yako ni ya baba, lakini kiti anachokalia baba humo ndani walikichonga watu hao kwa jasho, na wengi wao walikufa bila pesa. Ninapenda majina yao yatajwe.

Turudi kwenye harusi. Kwanza, maneno. Chukua karatasi, sikiliza wimbo mzima, andika kila mstari. Watu wanacheza wawiliwawili kwa nyimbo za talaka bila kujua. Malaika yenyewe inaimbwa harusini kila wiki, na ni wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa. Sina Makosa ya Les Wanyika, iliyokaa midomoni mwa watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ni mwanamume anajitetea kwa mwanamume mwenzake anayemchukia. Wimbo mtamu mno, ila haumhusu bibi harusi. Ukiona neno "ulinidanganya" au "rudi", uweke kwa siku nyingine. Tafuta unaoshukuru, au unaoahidi.

Pili, wakati. Usiuweke kufungulia muziki, hapo kamati wako sahihi. Uweke kwenye keki ya wazazi, unapomwendea mama. Mwambie mshereheshaji aseme sentensi moja tu, kwamba huu ni wimbo wa mzee, kisha anyamaze kabisa. Asiongee juu yake. Ile sehemu ya taratibu itakutosha kutembea, kupiga goti, kumlisha mama na kumkumbatia. Chemko likianza, hapo mshereheshaji awaite mashangazi, wajomba na mafundi wote wa Mwaloni wasimame. Utaona ukumbi unavyopoa! Wazee wenye magoti mabovu watakuwa wa kwanza kufika mbele, na vijana watawafuata na simu zao kuchukua video. Baada ya hapo dijei anaweza kuweka wimbo wowote wa mwaka huu, watu tayari wameshasimama.

Tatu, chanzo. Usitegemee nakala ya kwenye simu ya dijei. Nyingi zimenakiliwa mara kumi, besi imekufa, na kwenye spika kubwa zitasikika kama kopo. Kama kaseti za mzee bado zipo, usiichomeke yoyote kwenye redio uliyoiokota. Mkanda uliolala miaka mingi hushikana. Ingiza kalamu ya biki kwenye tundu, uzungushe taratibu kwa mkono uone kama unaachia. Angalia kile kisponji kidogo katikati kama bado kimekaa. Kisha mpelekee fundi mwenye deki nzima, aupeleke mbele hadi mwisho na kuurudisha mara moja kabla ya kuupiga, na wakati wa kuupiga awe anaurekodi kwenye kompyuta palepale, kwa kuwa huenda usipate mara ya pili. Fanya hivyo mapema, Oktoba ikibidi, usingoje wiki ya harusi.

Na kabla hujazitoa nyumbani, keti na mama mfungue makasha. Wanaume wa kizazi cha baba yako walikuwa wanaandika majina ya nyimbo kwa mkono kwenye ile karatasi ya ndani, pengine na tarehe, pengine na jina la mtu. Piga picha kila karatasi kwanza. Kisha mpe mama achague, na ukiona ameruka kaseti moja bila kuisema, hiyo nayo iweke pembeni, usimwulize siku hiyo.